Wiki Tatu Bila Moshi

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, niliwahi kumwomba Mungu ugonjwa usiondoke kijijini. Sikuomba unijie mimi, wala sikuomba umwendee mtu yeyote ninayemjua kwa jina. Niliomba tu ubaki, uendelee kuzunguka huko huko kwenye nyumba za wengine, usituache. Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na mkono bado unasita. Anayetaka kunihukumu anihukumu, lakini anisikilize kwanza mpaka mwisho.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa surua. Kijijini kwa bibi yangu, upande wa Kongwa, hakuna mtu mzima aliyethubutu kulitamka jina hilo ugonjwa ukiwa karibu. Waliuita Mgeni. Mgeni amefika kwa fulani, Mgeni amelala kwa fulani, Mgeni ameaga. Mtoto akiropoka jina lenyewe alipigwa kofi la mdomo, na kofi hilo lingeweza kutoka kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu.

Mimi sikuzaliwa kule. Nilizaliwa Dodoma mjini, ambako baba alikuwa karani kwenye shirika la umma. Ikaja ile miaka ya mwanzo ya tisini, maduka yakajaa bidhaa ambazo wazazi wetu walikwisha kuzisahau, na wazazi wenyewe wakaanza kurudishwa nyumbani kutoka makazini. Baba alipewa barua na mkono wa kwaheri. Akaenda kutafuta vibarua kwenye mashamba ya zabibu Makutupora, mama akatandika mitumba chini sokoni, na mimi nikapelekwa kwa Bibi, mama yake mama, mpaka mambo yakae sawa. Mambo yalichukua miaka mitatu kukaa sawa.

Nilifika na begi moja na kifua kibovu. Nilikuwa na pumu tangu nikiwa natambaa. Mama alinifungia vidonge vidogo vyeupe kwenye kipande cha gazeti, vichungu kupita maelezo, ambavyo nikivimeza moyo ulinienda mbio na mikono ikatetemeka. Vilikwisha kabla ya mwezi kwisha. Baada ya hapo nilibaki na Bibi na maji ya moto.

Bibi aliishi kwenye tembe, nyumba yetu sisi Wagogo, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, vyumba vikifuatana kulizunguka zizi la ng'ombe. Ni nyumba nzuri kwa jua kali na nzuri kwa baridi ya Juni. Kwa mtu wa pumu ilikuwa chungu kilichofunikwa. Mafiga yalikuwa ndani, chumba cha kati, na moshi haukuwa na pa kutokea isipokuwa mlangoni, ambako mimi ndiko nilikokuwa nimekaa nikitafuta hewa. Nje nako kulikuwa na vumbi, upepo wa kiangazi, na pumba za uwele zinazopeperuka kila wanawake wanapotwanga. Nililala nimekaa, mgongo ukutani, kifua kikipiga mluzi. Watoto wa kijiji hawakuchukua siku mbili kunipa jina. Waliniita Filimbi.

Aliyelipenda zaidi jina hilo alikuwa Sechelela, binti wa Mjomba Yohana, mdogo wake mama. Sote tulimwita Seche. Alikuwa na miaka saba, mapengo mawili mbele, na kipaji cha kumwigiza mtu yeyote aliyepita mbele yake. Mluzi wangu aliuiga vizuri kiasi kwamba hata Bibi aligeuka siku moja na kuniuliza kama nimebanwa, kumbe nimekaa zangu salama nachambua mboga na Seche yuko nyuma ya mlango. Nilimkasirikia. Halafu huyo huyo Seche alikuwa ananisubiri njia ya kisimani, anachukua ndoo yangu na kujitwika, kwa sababu alikwisha kunihesabia hatua na kujua ni wapi nitasimama.

Bibi alikuwa na maelezo yake kuhusu kifua changu. Jirani mmoja alishauri ninyweshwe supu ya kobe. Bibi akamjibu kwamba kobe mwenyewe anahema kwa taabu, atamsaidia nani? Kwake kifua kinacholia hakikuwa ugonjwa mtupu. Kilikuwa na masikio. Dada yake mkubwa, aliyeitwa Nyemo, alikuwa na kifua kama changu, na enzi zao watu walimwita kwenye nyumba zenye wagonjwa, akae tu karibu nao. Kikimbana mahali pasipo moshi wala vumbi, ilijulikana kwamba mgonjwa yule ana jambo ambalo macho ya watu hayajaliona.

“Kitakuita,” Bibi aliniambia siku moja, akinisugua mgongo kwa kiganja chake kigumu. “Kitakuita kwa ajili ya mtu. Siku hiyo usinyamaze. Nyemo alinyamaza mara moja.”

“Ikawaje, Bibi?”

“Lete maji.”

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukigusa mahali asipotaka, unatumwa maji.

Mgeni alifika mwezi wa nane, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ndani. Mwanamke mmoja alikuja na kusimama mbali, kwenye jiwe kubwa la nje ya uwanja wetu. “Mbukwenyi,” alisalimu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba Mgeni amefika upande wa kisimani. Bibi alikuwa anatwanga. Mchi ulibaki hewani kidogo, kisha akaulaza chini polepole kama mtu anayelaza mtoto. Nilikuwa sijawahi kumwona Bibi akiacha kazi katikati. Hapo ndipo nilipojua kwamba aliyekuja si mtu wa kuchezewa.

Walivyoamini ni hivi: Mgeni hapendi moshi, hapendi harufu ya mafuta wala ya nyama, hapendi vumbi, hapendi kelele. Akikuta watu wametulia, hupita kwa heshima yake, na hata anapoingia kwa mtoto hutoka salama. Akikuta vurugu hukasirika, akajificha ndani ya mtoto asitoke tena. Basi siku ile ile mafiga yalitolewa ndani na kuhamishiwa nyuma ya nyumba, upande ambao upepo unapeleka moshi porini. Vinu vilipelekwa mbali, mashambani. Uwanja haukufagiliwa mpaka umenyunyiziwa maji, pamoja na shida yote ya maji tuliyokuwa nayo. Aliyetoka njiani hakuingia nyumbani moja kwa moja, alikaa kwanza kwenye lile jiwe mpaka jasho limkauke, akanawa miguu. Wanaume walijaza nyasi kwenye kengele za ng'ombe. Nyumba iliyokuwa na mgonjwa ilining'iniza tawi bichi mlangoni, na ulipoliona ulipita ukiwa umeshusha sauti, kama ulikuwa na lolote la kusema.

Shule ilifungwa. Zahanati ilikuwepo, mwendo wa kama saa moja kwa miguu, lakini hakuna aliyempeleka mtoto. Jambo moja lilikuwa marufuku kuliko yote, nalo ni sindano. Mgeni akichomwa sindano, walisema, hugeukia ndani. Kila mtu alikuwa na mfano wa mtoto wa mtu fulani, mahali fulani, aliyechomwa asubuhi akazikwa jioni.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niombe.

Siku ya tatu au ya nne niliamka nikahisi kuna kitu kimepotea. Nilikaa juu ya ngozi ninayolalia nikikitafuta kwa masikio. Ilikuwa ile filimbi. Kifua kilikuwa kimya. Nilivuta pumzi kidogo kwa woga, kama mtu anayejaribu jino baya kwa ulimi, kisha nikavuta kubwa, kisha kubwa zaidi, na hewa ikaingia tu, ikaenda mpaka chini kabisa, mahali ambapo nilikuwa sijui kwamba ni pangu. Nilitoka nje nikakimbia kulizunguka zizi. Nikakimbia tena. Hakuna aliyenizuia kwa sababu kumzuia mtu kunataka kelele.

Sijui niseme vipi kilichokuja baada ya hapo. Nchi ile ninayoijua kwa upepo na makelele ilikuwa imenyamaza yote. Ng'ombe walipita bila kengele, unasikia kwato zao tu. Watu wazima walisalimiana kwa kuinamisha vichwa. Nilipanda juu ya paa la tembe, ambako sikuwa nimewahi kufika bila kupumzika mara mbili, nikasimama na kuiona mbuga yote mpaka kwenye vilima vya mawe, safi, bila utando wa moshi unaotanda juu ya nyumba asubuhi. Niliogopa. Ilikuwa hofu ile ya mtu aliyeingia kanisani peke yake. Niliona kwamba kuna mkubwa mmoja anatembea kijijini, ambaye watu wote wamemzimia moto, na huyo mkubwa ndiye aliyenipa pumzi yangu.

Na alikuwa anaua, hilo nililijua. Watoto wawili wa upande wa kisimani walizikwa katika wiki ya pili. Walizikwa bila vilio, kwa sababu kilio ni kelele. Nimehudhuria misiba mingi tangu wakati ule, na sijaona tena uzito kama wa kinamama wale waliojaza khanga vinywani mwao ili wasisikike. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Kesho yake nilipanda juu ya paa na kuomba. “Mungu wangu, Mgeni asiondoke.” Nilisema hivyo, kwa Kiswahili cha mjini, waziwazi. Chini yangu, uwanjani, Seche alikuwa anacheza na magunzi.

Wiki ya tatu ilipokuwa inaelekea kwisha, Seche aliamka na macho mekundu na homa. Siku nne baadaye vipele vikatoka usoni, vikashuka shingoni, mpaka miguuni. Bibi mwenyewe ndiye aliyening'iniza tawi bichi mlangoni kwetu. Alilifunga kwa kamba ya ukili, akalitazama kidogo, kisha akarudi nyuma ya nyumba kwenye mafiga yake bila kunitazama.

Nilikuwa nimeruhusiwa kuingia kwa mgonjwa. Mama alikuwa amemweleza Bibi kwamba mimi nilichanjwa mjini nikiwa na miezi tisa, na Bibi alilipokea jambo hilo kwa namna yake, kwamba nilikwisha kupatana na Mgeni tangu uchanga. Seche hakuchanjwa. Siku watu wa chanjo walipokuja, mama yake alikuwa shamba la mbali. Ndivyo ilivyokuwa, shamba tu. Basi mimi ndiye niliyempelekea uji, nikamkanda kwa kitambaa chenye maji, nikamfukuzia nzi katika kile chumba chenye giza. Kila nilipomtazama niliona paa, na mimi juu yake, mdomo ukisogea. Nilikuwa na hakika kwamba Mungu alinisikia na kuniuliza, “Abaki kwa nani?” na kwa kuwa sikujibu, akachagua mwenyewe.

Siku chache baadaye vipele vilianza kufifia na kuwa kahawia. Nyumba nzima ikapumua. Vipele vikikauka, Mgeni anafunga mizigo. Mjomba Yohana, ambaye alikuwa hajala vizuri siku zote zile, aliomba ugali mwingine. Mama Seche alitoka ndani akasema mtoto ametulia, amelala vizuri. Nikaingia kukaa naye.

Ilikuwa saa sita au saa saba mchana. Mwanga uliingia kidogo kupitia tundu la ukuta. Nilipokaa karibu yake, kifua changu kilibana. Nilishangaa. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na vumbi, nami nilikuwa na wiki nyingi sijabanwa. Ndipo nikasikia filimbi, na haikuwa yangu.

Nilidhani ananiigiza. Naapa kwamba hilo ndilo wazo langu la kwanza, na furaha ilinipanda, kwamba amepona, ameanza utundu wake. Nikamwambia, “Seche, acha.” Hakuacha. Nikasema tena, “Seche, acha bwana.” Nikamfunua khanga.

Tundu za pua zilikuwa zinafunguka na kujifunga. Chini ya mbavu ngozi ilikuwa inazama ndani kila anapovuta, inatengeneza shimo, inarudi, inazama tena. Nililijua shimo lile. Lilikuwa langu. Nilijaribu kuhema sambamba naye, pumzi kwa pumzi, kama watoto wanavyoshindana kukimbia, na kabla sijafika ishirini kichwa kilinizunguka nikamwacha aende peke yake. Mtoto aliyelala vizuri hahemi vile. Seche hakuwa ametulia. Alikuwa amechoka.

Ningependa kusema kwamba nilitoka mbio. Sikutoka. Nilikaa pale, na najua ni muda gani kwa sababu ule mstari wa jua wa tundu la ukuta ulisogea kutoka kwenye mkono wake mpaka kwenye ukuta wa pili. Niliogopa mambo mawili. Nikisema, watampeleka kwenye sindano, Mgeni atageukia ndani, nami nitakuwa nimemwua mara ya pili. Na nikisema, wataniuliza nimejuaje, na nitaulizwa mengine, mpaka tutafika kwenye paa. Kifua kikanibana zaidi. Ndipo nikamkumbuka yule Nyemo, dada yake Bibi, aliyenyamaza mara moja.

“Bibi!”

Nilipiga kelele. Katika nyumba ambayo kwa karibu mwezi mzima hata kifuniko cha sufuria hakikuangushwa, nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote mbovu. Mjomba alikuwa wa kwanza kuingia, mkono umekwisha kunyanyuka. Bibi aliingia nyuma yake na kuushika ule mkono.

“Kimeniita,” nikasema. “Bibi, kimeniita. Huyu hawezi kupumua.”

Bibi alipiga magoti. Aliweka kiganja chake kwenye mbavu za Seche na kukiacha pale kwa muda ambao mimi nilidhani ni mwaka. Nilimwona uso ukibadilika. Kisha akainuka.

“Yohana, toa baiskeli.”

“Mama, tawi liko mlangoni. Mgeni hapigwi sindano, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha.”

“Ndiyo, niliwafundisha mimi.”

“Sasa?”

“Sasa Mgeni ameaga jana, vipele vilipokauka. Tumemheshimu, ameondoka. Huyu aliye kifuani kwa mtoto ni mwizi, ameingia nyuma yake mlango ukiwa wazi. Mwizi hatumzimii moto, Yohana. Toa baiskeli.”

Akatoka mpaka mlangoni, akalikata lile tawi kwa kisu cha mboga, akalitupa uwanjani. Wanawake wa jirani waliokuwa nje walishika vinywa. Nami nilimtazama bibi yangu, yule mwanamke mfupi mwenye magaga miguuni, na mwili ulinisisimka kuliko siku ile juu ya paa. Mbele ya macho yangu mtu mmoja alikuwa amesimama katikati ya sheria zilizotungwa kabla hajazaliwa, akazifungua mlango bila kuvunja ukuta. Mpaka leo sijui kama aliamini hayo maneno ya mwizi au aliyatunga pale pale. Mjomba aliyaamini, na hilo ndilo lililotakiwa.

Mama Seche alipanda nyuma ya baiskeli, mtoto mgongoni, na Mjomba akaendesha. Bibi akanishika mkono. “Twende na wewe. Uliyeita huwezi kubaki.”

Tulitembea kwa miguu nyuma yao, juani, upepo ukitupiga mchanga. Nilianza kupiga mluzi kabla hatujafika mbali. Katikati ya njia nilishindwa kabisa, tukakaa pembeni, Bibi akanikinga upepo kwa khanga yake na kunisugua mgongo. Hapo ndipo lilipotoka. Nililia na kuhema na kusema kwa pamoja, sina hakika alisikia mangapi.

“Bibi, ni mimi. Mimi niliomba asiondoke. Kwa sababu ya moshi. Nilikuwa napumua, Bibi.”

Nilingoja anitume maji, lakini pale porini hapakuwa na maji.

“Unajua mimi hulala saa ngapi?” aliuliza.

Sikujua.

“Silali. Tangu uje nakaa gizani nakusikiliza. Ukinyamaza kidogo nanyoosha mkono nikuguse. Tangu Mgeni aje nimelala. Nimelala mpaka jogoo, mimi mtu mzima, watoto wa wenzangu wanazikwa.” Mkono wake uliendelea kusugua. “Unadhani mimi sikuomba?”

Tulikaa. Baadaye akaniambia jambo la Nyemo, kwa maneno machache, akitazama barabara. Mtoto ambaye Nyemo alikaa naye na kunyamaza, kwa kuogopa kuwaudhi wakubwa, alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi. Mama yangu ni wa pili. Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba kuna wa kwanza.

Tulipofika zahanati sindano ilikuwa imekwisha kuchomwa. Mjomba Yohana alikuwa amesimama nje, paji la uso ukutani, kwa sababu hakutaka kuona. Mganga wa zahanati alikuwa amempa Seche na dawa nyingine ya mafuta, aliyomkamulia mdomoni, na alikuwa anatafuta usafiri wa kumpeleka hospitali Kongwa, maana mapafu yalikuwa yameshambuliwa. Lori moja lililokuwa linatoka mnadani likawachukua. Kabla ya kupanda, Mama Seche aliulizwa ni nani aliyegundua. “Mngelala naye nyumbani leo,” alisema mganga, “msingeamka naye.” Mama Seche alininyooshea kidevu, mimi niliyekuwa nimeketi chini pale mlangoni nikihema. Mganga akanitazama, akamtazama Bibi, kisha akaingia ndani na kuniletea vidonge viwili vidogo vyeupe.

Seche alirudi baada ya wiki mbili, amekonda, kichwa kikubwa, miguu kama ya mbuzi mchanga. Walimketisha mlangoni kwenye jua la asubuhi. Mimi nilisimama mbali, nikiona aibu kumsogelea. Alinitazama kwa yale macho yake yaliyoingia ndani. Kisha akavuta pumzi na kupiga mluzi wangu, sawasawa kabisa, mpaka na kile kikohozi kidogo cha mwishoni. Bibi alilia kwa sauti. Ilikuwa kelele ya kwanza ya halali nyumbani kwetu baada ya muda mrefu.

Mgeni aliondoka kijijini. Vinu vilirudi kwenye viwanja, nyasi zikatolewa kwenye kengele, mafiga yakarudishwa ndani katika kila nyumba. Isipokuwa kwetu. Bibi aliendelea kupika nje, nyuma ya nyumba, masika na kiangazi. Mvua ziliponyesha, Mjomba alimjengea kibanda cha nyasi. Majirani waliuliza kwa mzaha, “Mama, Mgeni bado hajaaga kwenu?” naye alijibu, “Bado,” na kuendelea kukoroga. Alipika nje mpaka alipokufa. Hakuwahi kunieleza sababu, nami nilikuwa nimekwisha kujifunza kutouliza.

Miaka michache iliyopita, ulipokuja ule ugonjwa wa mapafu uliotisha dunia nzima, jirani yangu hapa Nzuguni, Dodoma, aliniletea sufuria la majani ya kujifukiza. Alikuja kwa upendo, na nilimshukuru kwa upendo, lakini nilimwomba tuliweke nje. Nimeulizwa na daktari zaidi ya mmoja kilichonikuta utotoni, na wote wameeleza vizuri sana kuhusu moshi na pumba na vumbi. Kuhusu kifua chenye masikio hawasemi kitu, na mimi siwalazimishi. Labda niliijua tu sura ya kukosa pumzi kwa kuwa nilikuwa nikiivaa kila siku. Labda ndicho Bibi alichokuwa anakiita masikio. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba siku hizi nikiomba kitu, huwa natazama kwanza uwanjani nione nani anacheza.

Tembe la Bibi limekwisha kubomoka. Seche amejenga pale nyumba ya bati, ana watoto wanne, na mafiga yake yako nyuma ya nyumba, upande ule ule ambao upepo unapeleka moshi porini. Nikienda kumtembelea hanisalimii kwanza. Ananiketisha, anasimama kimya ameinamisha kichwa, anakisikiliza kifua changu mpaka aridhike. Kisha ananiigiza, mbele ya watoto wake, na sote tunacheka mpaka mimi nakosa pumzi na yeye anaanza kunisugua mgongo.